UZI: Jiji la Mbeya linapanda mlimani, sisi wa vijijini tunaingiaje kwenye mchoro kabla bikoni (mawe ya mipaka ya viwanja) hazijachimbiwa?

Mporoto Halisi

Wakuu habari za jioni. Uzi ni mrefu mnivumilie, nimeona niandike yote mara moja maana kila nikiongea na mtu kwenye simu tunaishia njiani.

Mimi ni wa kijiji kimoja cha Mbeya Vijijini, upande wa milima ya Uporoto ukishaiacha Uyole, jina silitaji kwa sababu mambo bado yanaendelea. Tunalima viazi, kabichi, njegere, wazee wachache bado wana pareto. Miaka ya nyuma mtu wa kwetu akienda mjini anaaga kabisa na kuvaa viatu vya kutokea. Sasa hivi mji ndo unatufuata wenyewe. Tangu barabara kuu ianze kupanuliwa njia nne kutokea Nsalaga kwenda hadi uwanja wa ndege Songwe, madalali hawakauki kijijini, wanakuja na bodaboda wawili wawili, wanasimama juu ya shamba la mtu wanapima kwa hatua, mara unasikia shamba la viazi la jirani yako limeshakuwa viwanja vya 20 kwa 20.

Na siwalaumu wanaokuja. Sensa ya 2012 jiji lilikuwa na watu 385,279, ya 2022 tukafika 541,603. Zaidi ya laki moja na nusu wameongezeka ndani ya miaka kumi na wote wanataka pa kulala. Anayeijua Mbeya anajua ilivyokaa, ni bonde kaskazini Loleza kusini Uporoto, tambarare imejaa zamani kuanzia Iyunga, Soweto, Mwanjelwa, Ilomba mpaka Sae, mji ukarefuka kwa barabara, huku ukatafuta Mbalizi huku Uyole, na sasa hakuna pengine pa kwenda zaidi ya kupanda juu. Juu ndo tulipo sisi.

Kinachonikosesha usingizi ni hiki. Kijiji kikiwa kijiji, kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 ardhi inasimamiwa na halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu una kauli, hata mgeni akitaka ardhi lazima apite hapo. Siku eneo likitangazwa la mji na kijiji kikageuzwa mtaa, hiyo kauli inaondoka. Mwenyekiti wa mtaa hana mamlaka ya kugawa ardhi, anabaki kugonga muhuri wa barua za utambulisho. Kwahiyo kama tuna neno la kusema kuhusu wapi pajengwe na wapi paachwe, inabidi tuliseme SASA tukiwa bado kijiji, na liandikwe.

Tumeshaanza kidogo. Tuliwakusanya wazee na akina mama kwenye uwanja wa shule, tukachora kijiji chini kwenye vumbi, majivu kwa barabara, punje za mahindi kwa nyumba, majani mabichi kwa vyanzo vya maji. Asikwambie mtu, pale nilijifunza kijiji changu upya. Bibi mmoja alichukua fimbo akachora mstari kutoka juu ya mlima hadi kwenye makorongo ya chini akasema hapa ardhi iliwahi kushuka, yeye akiwa mwali, na ndo maana ukoo wao walihama kwenda upande wa pili wa mto. Hakuna karatasi yoyote ya serikali yenye huo mstari. Na shamba lenyewe leo dalali analitembeza kwa sababu lina view nzuri ya mji usiku.

Tumeweka pia njia za ng'ombe, makaburi ya koo, chemchemi, shamba la shule na msitu wa jadi. Swali langu kwa wataalam na wenye uzoefu: hii ramani yetu ya vumbi inaingiaje kwenye mchoro wa jiji? Maana tusipoangalia tutakuja kuitwa kwenye kikao kusomewa mchoro uliokwisha kamilika.

Kijana wa Kabwe

Mkuu nimekusoma ila mi naona mnaogopa maendeleo. Mzee wangu alikuwa na shamba Isyesye wakati watu wanaliita pori, leo ana nyumba za kupangisha, wadogo zangu wamesoma kwa hizo hela. Viazi gunia la lumbesa unauza bei anayotaka mnunuzi, kiwanja unauza bei yako mwenyewe. Mji ukija uje tu, lami, maji, umeme, hospitali, vyote vinakuja na mji. Nyie mnataka mbaki na punje za mahindi?

Mporoto Halisi

Kaka sijasema mji usije. Soma tena. Nataka uje ukitukuta tumeshaonyesha maji yanapotoka. Mzee wako alibahatika shamba lake liko tambarare. Kwetu ukikata kiwanja vibaya maji ya mlimani yanaingia sebuleni.

mpima_na_ngazi

Nimefanya kazi ya mipango miji na upimaji mikoa ya nyanda za juu kwa muda, nimeona mazuri na mabaya, nitasema vyote.

Mtoa mada umegusa penyewe. Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya 2007 inataka wananchi washirikishwe, mpango kabambe (mpango mkuu wa mji mzima) haupaswi kupita bila mkutano wa hadhara na maoni ya wadau, na mchoro wa kina wa viwanja na barabara za eneo (ule tunaita TP) nao unatakiwa uonekane watu waukosoe kabla haujaidhinishwa. Huo ni upande wa karatasi. Kwa vitendo mara nyingi bajeti ni ndogo, mchoraji anakaa ofisini na picha ya setilaiti, anapanga viwanja kwenye kompyuta, halafu site anakwenda mara moja na mwenyekiti kuangalia mipaka. Picha ya setilaiti inaonyesha paa na miti. Haionyeshi chemchemi iliyo chini ya migomba, haionyeshi kaburi lisilojengewa, na haijui kwamba ile njia nyembamba ndo ng'ombe wa vitongoji vitatu wanapita kwenda kunywa.

Sasa kwa miji ya milimani kuna kosa moja kubwa kuliko yote na naomba watu wa vijijini mlijue ili mlikatae mkiliona. Mchoro unachorwa kama ardhi ni bapa. Viwanja vinapangwa mistari iliyonyooka, barabara zinashuka mlima moja kwa moja kutoka juu hadi chini kwa sababu kwenye karatasi inapendeza na viwanja vinapatikana vingi. Masika ya kwanza ile barabara inageuka mto. Maji yanapata spidi, yanachimba, mwaka wa pili ni korongo, mwaka wa tatu nyumba ya kona ina ufa. Barabara ya mlimani inatakiwa ifuate kontua (mistari ya ramani inayounganisha sehemu zenye mwinuko sawa), izunguke na mlima, mitaro ipitishe maji kwenye mikondo ya asili, na viwanja viwe vipana kwa ubavu ili mtu asilazimike kuchimba ukuta wa udongo nyuma ya nyumba yake. Mkiletewa mchoro ulizeni kitu kimoja tu kwanza: mistari ya kontua iko wapi? Kama haipo, huo mchoro bado haujawa tayari kwa mlima.

Kuhusu swali lako la kuingiza ramani yenu. Njia iliyo salama ni mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji chini ya Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi Na. 6 ya 2007. Unapitishwa na mkutano mkuu wa kijiji, unakwenda halmashauri ya wilaya, ukiidhinishwa unakuwa na nguvu na mnatunga sheria ndogo za kuulinda. Siku mji ukija, mpangaji anakuta hati iliyosajiliwa inayosema hapa chanzo, hapa malisho, hapa pasijengwe. Hawezi kujifanya hajaiona. Ramani ya vumbi ni mwanzo mzuri sana ila ikibaki vumbi upepo mmoja tu.

Binti Gombe

Naomba niseme la kwangu kwa sababu mimi nilikuwepo. Aprili 2024 mlima Kawetere ulipoporomoka huku Itezi tope lilifukia nyumba na shule. Waliosikia kwenye redio walisikia habari ya siku mbili, sisi tunaishi nayo. Tope linakuja na miti mizima ndani yake, linaingia dirishani, godoro, daftari za watoto, mifuko ya unga, vyote vinakuwa rangi moja. Baadae mnapoanza kuchimba mnatafuta cheti cha kuzaliwa na kadi ya kliniki.

Baada ya pale kila mtu akawa mtaalam, oh wamejenga mkondo wa maji, oh hawasikii. Lakini wengi wetu tulinunua kihalali kabisa, mashahidi wapo, muhuri upo, hela imelipwa. Hakuna aliyetuambia hapa ni mkondo. Waliouza walikuwa wajukuu, waliokuwa wanajua walishakufa. Kwahiyo Mporoto huyo bibi yako aliyechora mstari kwa fimbo msimwache hivihivi, mrekodini kwa simu, mpelekeni mpaka kwenye lile eneo aonyeshe kwa kidole mbele ya watu. Mngeniambia mimi hivyo kabla sijanunua ningenunua kwingine hata kama ni mbali na daladala.

Kijana wa Kabwe

Pole sana dada. Hili la Itezi sikulifikiria kwa upande huo wa anayenunua.

Mzee wa Makorongo

Vijana nawasalimu. Udongo wa huku kwetu mwingi ni wa majivu ya volkano, tuko kati ya Rungwe na Ngozi, ni udongo mwepesi wenye rutuba, viazi vinaupenda, lakini ukilowa siku nyingi mfululizo unalainika kama uji. Sisi tuliangalia dalili. Miti ikianza kuinama upande mmoja wote, nyufa za nusu duara kwenye majani juu ya gema, chemchemi inayohama, au maji ya chemchemi yanayobadilika kuwa ya tope bila mvua kunyesha hapo, unajua ardhi inatembea. Na msilaumu nyumba tu. Matuta ya viazi yanayoelekea chini nayo yanaleta maji kwa kasi, watu wameacha makinga maji kwa sababu yanapunguza eneo la kulima. Mkitaka kulinda mlima mjilinde na nyie wakulima kwanza, ndo mtakuwa na mdomo wa kumwambia mjenzi.

Mporoto Halisi

Mzee shikamoo. Ndaga (asante) sana. Hilo la nyufa za nusu duara naliongeza kwenye orodha ya kukagua, na la matuta ni kweli tupu, hata kwetu yapo.

Olmotonyi Boy

Wakuu salam kutoka Arusha, huku mlimani Meru. Tumewatangulia kidogo kwenye hili. Jiji letu limetoka watu 416,442 sensa ya 2012 hadi 617,631 ya 2022, na hapo hujahesabu wanaokaa halmashauri za wilaya jirani, Arusha DC na Meru, ambao kila asubuhi wanashuka mjini.

Sisi Waarusha na Wameru ardhi ya mlimani ni ya familia, baba anagawia watoto wa kiume, nao wanagawia wao, mpaka mtu anabaki na kipande cha migomba na kahawa ambacho hakimlishi. Hapo dalali akija anamkuta mtu ana njaa na ana ardhi ya bei mbaya. Barabara ya mzunguko ya kutokea Ngaramtoni hadi Usa River ilipojengwa, mashamba ya mahindi na maharage ya kule chini yalibadilika bei ndani ya misimu michache, nimeona kwa macho, eneo tulilokuwa tunachunga tukiwa wadogo sasa hivi ni mageti na ukuta wa tofali.

Kilichotuuma ni njia za ng'ombe. Hazikuwa kwenye karatasi popote, kila mtu aliyenunua akasogeza uzio kidogo, mwisho njia ikafa. Sasa ng'ombe wanapita kwenye lami na bodaboda.

Ila kuna kitu kilifanikiwa sehemu moja jirani na kwetu. Wazee wa rika walikaa na koo zote zinazopakana na kijito, wakakubaliana mita 60 za kando ya maji haziuzwi na mtu yeyote, na anayeuza anatengwa na koo. Hizo mita 60 hawakuzitoa kichwani, ziko kwenye Sheria ya Mazingira ya 2004, walichofanya ni kuiweka sheria ndani ya mila. Na walinzi wake wakubwa ni akina mama wanaochota maji, wao ndo wanaona mtu akishusha mawe asubuhi, wanapiga yowe kabla msingi haujachimbwa. Mpaka leo kile kijito kina miti.

mpima_na_ngazi

Hiyo ndo akili. Sheria peke yake haina mguu wa kwenda mlimani kila asubuhi.

wakili_mtaani

Nitajibu upande wa haki maana naona watu wanasema "ardhi itachukuliwa" kama vile hakuna sheria.

Haki ya kimila ya ardhi ni mali. Mahakama ya Rufani ilishasema kwenye kesi ya Lohay Akonaay ya 1994 kwamba inalindwa na Katiba na haiwezi kunyang'anywa bila fidia ya haki. Kijiji kugeuka mtaa hakufuti umiliki wako wa shamba. Kinachobadilika ni nani anasimamia na masharti gani yanafuata. Hati ya kimila haina kikomo cha miaka. Ukishaingia kwenye hati ya mjini unapewa muda, 33, 66 au 99, na kodi ya pango la ardhi kila mwaka. Kwa mkulima wa viazi mwenye ekari tatu hiyo kodi ni kitu cha kukiuliza mapema.

Ardhi ikitwaliwa kwa ajili ya mradi wa umma, fidia siyo ya nyumba tu. Kanuni za fidia ya ardhi za 2001 zinataka thamani ya soko ya ardhi na maendelezo yake, mazao na miti ndani yake, posho ya usumbufu, posho ya usafiri (ambayo inapigwa kwa gharama ya kusafirisha mzigo wa tani 12 ndani ya kilomita 20), posho ya makazi ya kodi ya miezi 36, na faida iliyopotea kama ulikuwa na biashara. Wengi wanasaini fomu ya uthamini bila kusoma na wakati wa kuhesabiwa miti hawapo shambani. KUWENI SHAMBANI siku ya mthamini. Piga picha kila mti, kila mfereji, kila ukuta.

Na kwa upande wa barabara kuu, hifadhi ni mita 30 kila upande kutoka katikati tangu Sheria ya Barabara ya 2007, zamani ilikuwa 22.5. Ndo maana unaona X za rangi mbili kwenye nyumba, waliojenga ndani ya ile 22.5 ya zamani hawalipwi, walioguswa na nyongeza wanalipwa.

Mwisho, kuna wanaouza kwa wageni kijijini wakati mwenyekiti peke yake ndo shahidi na anachukua asilimia kumi yake. Kijijini uhamisho kwa mtu asiye wa kijiji unahitaji idhini ya halmashauri ya kijiji. Mwenyekiti siyo halmashauri. Muhuri wake peke yake haukulindi wewe mnunuzi.

Neema_wa_Tembela

Samahani naomba kuuliza, mimi mume wangu alifariki tukiwa na shamba la viazi na miti kidogo, tangu madalali waanze shemeji zangu wanasema ni la ukoo wanataka kuliuza wagawane, mimi na watoto wametuachia nyumba tu. Je na mimi nina sauti kwenye hiyo mipango au ni ya wenye mashamba

wakili_mtaani

Dada Neema pole sana. Una sauti na una haki. Ile Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inasema mila yoyote inayomnyima mwanamke ardhi ni batili. Fanya hivi haraka: fungua mirathi mahakama ya mwanzo ili msimamizi ateuliwe, na wakati unasubiri peleka barua ya zuio serikali ya mtaa na ofisi ya kata ukiambatanisha cheti cha kifo na cha ndoa, nakala ubaki nayo imegongwa mhuri wa kupokelewa. Shemeji akileta mnunuzi mwonyeshe hiyo barua mbele ya mashahidi. Baraza la ardhi la kata siku hizi kazi yake ni usuluhishi, halitoi hukumu tangu mabadiliko ya 2021, kwahiyo wasikuzungushe hapo miezi. Njoo PM (ujumbe wa faragha) nikuelekeze msaada wa kisheria wa bure ulio karibu nawe.

Neema_wa_Tembela

Asante sana kaka Mungu akubariki nimekuja PM

Mjumbe Kata ya Juu

Mimi niko ndani ya jiji tayari, kata za mlimani, sisi kwenye ramani ni watu wa jiji ila asubuhi tunaamka na jembe. Wengi hawajui kama jiji la Mbeya lina kata za wakulima watupu, nenda Mwansekwa, Itagano, Iziwa, Mwasanga, Tembela uone. Mbeya ilivyopewa hadhi ya jiji 2005 sisi tuliitwa jiji siku hiyohiyo bila hata nguzo moja ya umeme kuongezeka.

Nieleze faida na hasara kwa haki. Faida ipo. Barabara zimechongwa, shule zimeongezeka, mgonjwa anafika hospitali kubwa haraka. Hasara ya kwanza watu hawaitegemei kabisa, ni umeme. Kwa bei za 2022, kijijini kuunganishiwa ilikuwa 27,000. Ukihesabiwa mjini ilikuwa 320,960 hata kama uko ndani ya mita 30 na huhitaji nguzo. Nyumba ni ileile ya tofali za kuchoma, mkulima ni yuleyule, jina la eneo tu ndo limebadilika. Mporoto, hilo lipelekeni kwenye kikao chenu kabla ya mambo mengine yote, umeme na uvutwe mkiwa bado kijiji.

Ya pili ni mifugo. Sheria ndogo za jiji na ng'ombe haziivi. Mkiwa kijiji pangeni eneo la malisho na josho kwenye mpango wenu, mkishakuwa mtaa hakuna atakayewapangia.

Ya tatu ni urasimishaji, yaani kupima na kutoa hati kwa makazi yaliyojengwa bila mpango. Ilikuja kampuni moja, ikakusanya hela za watu kwa ajili ya upimaji, ikachimbia bikoni chache, ikapotea. Mpaka leo kuna watu wana risiti na hawana hati. Serikali ilishaweka ukomo wa bei, ulikuwa laki mbili na nusu ukashushwa laki moja na nusu, ila ukomo wa bei haukusaidii kama mtu kaondoka nayo. Hela ziingie akaunti ya pamoja, kamati ya wananchi isaini, na kampuni ilipwe kwa hatua, mchoro ukiidhinishwa kiasi, bikoni zikipandwa kiasi, hati zikitoka zinazobaki.

Kijana wa Kabwe

Hii ya umeme sikuijua aisee. 27 na 320 ni mbingu na ardhi.

Ila niulize kwa nia njema, wanakijiji wenyewe si ndo wanauza? Mnapanga malisho, kesho mwenye eneo ana mtoto kachaguliwa chuo, hela hana, dalali yuko mlangoni na keshi. Ramani itamzuia?

Mporoto Halisi

Hapo ndipo pagumu na sitaki kupaficha. Haitamzuia, na kumwambia mtu asiuze shamba lake mwanae abaki nyumbani ni ukatili. Tulichozungumza kwenye kikao ni kutofautisha. Shamba la mtu ni la mtu, auze, ila akiuza auze kitu kilichopangwa. Tumeona mfano kwenye kitongoji kimoja, ndugu wanne wenye mashamba yanayopakana badala ya kila mmoja kukata vipande vyake walikubali kuunganisha, mpimaji akachora pamoja, kila mmoja akachangia ardhi kidogo kwa ajili ya barabara na mtaro unaofuata mlima, wakabaki na viwanja vichache kuliko ambavyo dalali alikuwa anawahesabia, lakini kila kiwanja kina barabara ya gari na bei ikawa juu. Na kipande cha juu chenye mteremko mkali wakapanda miti wakakiacha. Wale waliokata kivyao jirani yao wana viwanja ambavyo hata toroli la mchanga haliingii.

Lakini vya pamoja, yaani chemchemi, njia, makaburi, msitu, hivyo siyo vya mtu kuuza, na hivyo ndo tunavyotaka vilindwe kwa mpango wa kijiji kabla ya yote.

mpima_na_ngazi

Hiyo ya kuunganisha mashamba ni bora kuliko semina zote nilizowahi kuhudhuria. Ila wekeni makubaliano kwa maandishi mapema, nani anatoa kiasi gani na anarudishiwa wapi, kwa sababu ugomvi unaanza siku bei inapopanda.

Nyongeza kuhusu hatari. Desemba 2023 Katesh kule Hanang, mji mdogo chini ya mlima, tope liliua zaidi ya watu 80. Miezi minne baadae Itezi. Hii siyo bahati mbaya ya mji mmoja, miji yetu mingi ya milimani inakua kuelekea palepale maji yanaposhukia kwa sababu ndipo ardhi bado ni rahisi. Kwahiyo mkienda kudai eneo fulani lisijengwe hamuombi fadhila, mnaisaidia hata halmashauri isije kulipa gharama ya uokoaji.

Mporoto Halisi

Sawa, sasa naomba mnisaidie kwenye utekelezaji. Tuna mkutano mkuu wa kijiji mwezi ujao. Tukitoka hapo tunatakiwa tuwe na nini mkononi?

mpima_na_ngazi

Muhtasari wa mkutano wenye mahudhurio yaliyosainiwa, siyo orodha ya majina iliyoandikwa na mtendaji kwa mwandiko mmoja. Azimio la kuomba mpango wa matumizi ya ardhi, liandikwe wazi na lielekezwe kwa mkurugenzi wa halmashauri yenu ya wilaya. Kamati ya matumizi ya ardhi ichaguliwe hapohapo na wawemo akina mama na wachungaji wa ng'ombe, msijaze wenye viti tu.

Kabla ya mkutano tembeeni kijiji na simu yenye GPS. Kila chemchemi, kila kaburi, mwanzo na mwisho wa kila njia ya ng'ombe, simama pale, chukua namba, piga picha mtu akiwa amesimama kwa ajili ya kipimo, andika nani kaonyesha. Fanyeni hivyo kwenye msimu wa mvua pia maana mikondo mingine kiangazi huioni kabisa, ni majani tu. Hiyo orodha ya koordineti ikiambatana na muhtasari, afisa mipango anaiingiza kwenye kompyuta siku hiyohiyo. Na mstari wa bibi uingie kwa namna hiyohiyo, pointi kwa pointi.

Nakala moja ofisi ya kijiji, moja kata, moja wilaya, moja jiji kitengo cha mipango miji, na kila nakala igongwe mhuri wa kupokelewa. Ile ya jiji msiisahau hata kama bado hamko jiji, mpango kabambe unaangalia miaka 20 mbele na unatazama mpaka nje ya mipaka.

Binti Gombe

Na mpeleke nakala moja shuleni, watoto waifahamu.

Mzee wa Makorongo

Bibi naye mpelekeni mapema. Mlima kwa umri wake siyo wa kupanda kila siku, tafuteni gari.

Mporoto Halisi

Bibi tunampeleka Jumamosi hii, mjukuu wake ana pikapu. Kijana wa shule ya sekondari mwenye simu nzuri ya GPS kajitolea kuandika pointi, na akina mama wa kikundi cha maji ndo wanatuongoza kwenye chemchemi. Mjumbe, nitakutafuta PM kuhusu umeme, nataka kujua mlianzia ofisi gani. Kijana wa Kabwe na wewe kama mzee wako ana mchoro wa Isyesye uliopitishwa naomba picha yake, tuwaonyeshe watu kiwanja kilichopangwa kinaonekanaje kwenye karatasi.

Kijana wa Kabwe

Upo mkuu, kauweka kwenye faili na hati zake. Jioni nikipita kwake naupiga picha nakutumia.